Ninacho, Sina

Miezi mitatu nilijenga nyumba isiyo na tofali,
usiku, Nkuhungu, nikishamaliza hesabu za duka la watu,
feni ikizungusha vumbi lilelile la Agosti
na umeme ukikatika kila nilipokaribia kuhifadhi.

Nikaweka mlango wa Wawekezaji.
Mlango wa Washauri.
Mlango wa Waliofanikiwa, nikaupamba kwa picha
ya kijana mwenye tai, sijui wa wapi,
wa Dodoma hawi: viatu vyake havijaonja vumbi.

Nikawaita kwa simu, mmoja mmoja.
Sechelela anayekamua alizeti Kizota.
Ndahani wa juisi ya zabibu, Mpunguzi.
Mwanaidi na asali yake nyeusi ya Kondoa.
Na Chilongani, mhitimu, aliyebuni kidude
cha kupima chumvi ya maji ya kisima
na bado anakula kwa mama yake.

Wakajiandikisha. Wakanyamaza.
Kimya cha watu sitini na wawili kina uzito,
unausikia hata kupitia kioo.
Kila mmoja kabana siri yake kwapani:
usiniulize chupa natoa wapi,
usiniulize mteja wangu nani.
Nami kila asubuhi natupa swali:
jamani, malengo yenu ya miaka mitano?
Miaka mitano!
Mtu ana kodi ya Ijumaa.

Ikawa Jumanne, saa nne usiku, Sechelela:
*nani ana mizani yangu imekufa
alfajiri gari la Singida linapakia*
Hakuweka salamu. Hakuweka hata nukta.

Nilihesabu dakika. Kumi na moja.
Ndahani: *Ninayo. Sahani imepinda,
inazidisha gramu ishirini, uzitoe.*
Mizani ikavuka mji ndani ya kiroba,
mgongoni mwa bodaboda asiyejua amebeba nini.
Malipo yakawa mashudu, debe mbili,
kwa nguruwe wa shangazi yake Ndahani.

Usiku uleule nikavunja.
Wawekezaji, chini. Washauri, chini.
Kijana wa tai nikamuaga kwa heshima.
Nikabakiza milango miwili tu,
Ninacho. Sina.

*Ninacho: chumba cha baridi, nusu tupu, mpaka Jumapili.*
*Sina: wa kunisomea mkataba, Kiingereza chake kinateleza.*
*Ninavyo: vizibo mia tatu, vyekundu, nilikosea saizi.*
*Sina: ujasiri wa kumwambia mume wangu nimekopa.*

Huo wa mwisho ulikaa siku mbili bila jibu.
Tuliupita kimyakimya, kama watu wanaopita msibani
hawajui waingie kwa mlango upi.
Siku ya tatu Mwanaidi akaandika neno moja:
*Ninao.*

Ninacho, ninayo, ninao.
Lugha hii haikuachii useme unacho
kabla hujakigeuza kitu mkononi, ukakitambua ukoo wake.
Shuleni nilichapwa kwa kukosea hapo.

Sisemi tumetajirika.
Vizibo vile kuna mtu alivichukua, hajalipa mpaka leo,
na jina lake tunalijua, akipita tunasalimiana.
Chilongani amehamia Dar, kidude kabaki nacho mama yake,
anakitia kwenye ndoo kila jioni,
anasoma namba kwa sauti,
kisha anapika kwa maji hayohayo.

Jana imekuja bili ya mwaka, ya kuiweka nyumba hewani.
Nimeitazama muda mrefu.
Halafu mimi, mwenye nyumba, fundi na mfagiaji,
nikasimama kwenye mlango wa pili, nikaandika: *Sina.*
Nikaweka kiasi. Nikaona aibu, nikakiacha.

Simu nikailaza kifudifudi mezani
nikaenda bombani, leo ndiyo zamu yetu ya maji.
Niko ndoo ya pili.
Naisikia huko ndani inatetemeka juu ya mbao,
inasogea yenyewe,
kidogo kidogo,
kuelekea ukingo wa meza.