Zizi la Pongwe

Karani wa mikopo aliniuliza: una mifugo?
Ninayo, nikasema. Mia tatu na kumi na wawili.
Ng'ombe? La. Mbuzi, basi?
Nge.
Akafunga kalamu, akamwita mwenye nambari inayofuata.

Lakini nakamua, wallahi, nakamua,
kila Jumanne na kila Ijumaa, hapa Pongwe,
chumba kimoja nyuma ya tanuri la chokaa lililozimwa,
kila nge na kopo lake la siagi,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto,
nambari kwa wino usiofutika.

Usiku tunawafuata, mimi na Shekiondo,
kwenye marundo ya mkonge yaliyosahauliwa na wenye shamba.
Tochi yetu ni ya zambarau, karibu si mwanga;
jiwe linabaki jiwe, gogo linabaki gogo,
ila nge huwaka kijani
kama mishale ya saa ya marehemu baba,
aliyoitazama gizani kabla ya king'ora cha kiwanda.
Adui gani huyu, nasema, anayejitangaza hivi?
Shekiondo hanijibu.
Kazi ya koleo haitaki maneno.

Tukimkuta mama kabeba watoto mgongoni,
weupe, laini, punje za mchele uliolowekwa,
tunalirudisha jiwe pole pole lilipokuwa.
Si huruma. Au tuseme si huruma tu:
mwakani hao ndio zizi langu.

Asubuhi, waya mbili, betri, kidole kwenye swichi.
Mkia unaruka. Kwenye ncha ya mwiba
tone linachungulia,
na mambo huwa kinyume cha nazi:
hapa tui jepesi ndilo hutangulia, angavu kama mate,
zito huja nyuma, jeupe, likisitasita.
Nalipokea kwa mrija wa kioo.
Mwaka mzima wa kukamua
haujazi kijiko cha chai.

Nambari arobaini na moja amegoma, wiki ya tatu sasa.
Namheshimu.

Sumu hufungwa kwenye barafu, ikaenda mbali.
Huko kuna farasi. Sijamwona.
Nasikia hudungwa kidogo, tena kidogo,
mpaka damu yake iwajue nge wetu kwa sura,
isimame mlangoni iseme: huyu hapiti.
Sijui kama huota mkonge,
yeye ambaye hajawahi kuukanyaga.

Dawa ikirudi, kama ikirudi, ina lebo na bei.
Mwezi wa nne mtoto wa Mwanamkuu, kule Kiomoni,
aliingiza mguu kwenye kiatu cha shule.
Zahanati ilikuwa na chupa mbili. Alipewa moja.
Nilikwenda kumtazama na machungwa ya Muheza;
nikamkuta amekaa kitandani, anaulalamikia uji.
Mama yake akanishika mkono, akaugeuza,
akavikagua vidole kimoja kimoja.
Wanakuuma?
Mara mbili tu, nikasema, miaka sita.
Hakuuliza mshahara. Nami sikumwambia
kwamba chupa ile ni miezi yangu miwili.

Jioni nilinyunyiza maji makoponi,
nikawagawia mende, mmoja mmoja.
Arobaini na moja alikula wake,
akanigeuzia mgongo.