Moja kwa Themanini na Saba

Jumamosi saa nane, juu ya duka la vipuri pale Ngara,
tunavua makoti, tunaupanda Mau.
Mlima wetu ni magazeti ya mwaka juzi yaliyolowekwa kwenye uji,
msitu ni dodoki lililokatwakatwa likapakwa rangi,
na Bonde la Ufa linaishia pale penye ndoo
kwa kuwa paa la Harbhajan linavuja.

Tu saba. Mweka hazina ni mimi,
na hazina ni mkebe wa kakao.
Achola hasemi na Gitonga tangu Pasaka:
Gitonga alibandika kituo cha Limuru upande usio wake wa reli,
akajitetea kwamba abiria wa plastiki hawaijui kusini.
Syokau anaijenga Muthurwa kwa viberiti,
nyumba kwa nyumba, kabla ya tingatinga.
Kamba za kuanikia ni uzi,
nguo ni karatasi za peremende.
Hataki kusaidiwa.
"Hapa," anaonyesha kwa ncha ya kibanio, "ndipo nilipozaliwa,"
nasi tunainama kama watu wanaochungulia chungu.

Kipimo ni moja kwa themanini na saba.
Injini, daraja, mbuzi wa stesheni, vyote hugawanywa hivyo.
Usiku mmoja nikashika kalamu nikamgawanya baba,
gadi wa treni ya mizigo,
sentimita mia moja sabini na nne:
akatoka mbili kamili, bila baki.
Mtu yule, bila baki!
Na kile kikohozi kilichomtangulia kufika nyumbani?
Na ule msemo wake, chakula kimepoa, mama amenuna:
"Treni haichelewi, Mama Kageha, ni nyinyi mliowahi"?

Jumapili iliyopita tulikwenda makumbusho ya reli,
kila mtu na kamba yake ya kupimia.
Injini zimelala nyasini, mijusi ndani ya mabomba,
watoto wa shule wanagombania kengele.
Gitonga akajilaza chali chini ya tangi, tochi mdomoni.
Mlinzi akaja: "Mzee, umepoteza nini huko?"
"Ribiti mbili," akajibu. "Hapa zipo kumi na nne,
zangu kumi na mbili."

Mimi nilipanda behewa la gadi.
Benchi la mbao, kidirisha cha ubavuni, ndoana ya taa.
Nikakaa. Magoti yangu hayakujua kipimo.
Nikatazama alikokuwa akitazama: nyuma tu,
reli mbili zinasogeleana huko zilikotoka.
Kumbe baba kila mji aliujua kwa kisogo.
Nikaifuta ndoana kwa leso, leso ikatoka nyeusi.
Sijaifua. Sijui kwa nini.

Jana stima ilipotea saa tisa na robo,
treni ikasimama katikati ya daraja la vijiti vya aiskrimu.
Hakuna aliyeondoka.
Harbhajan akachemsha chai kwa gesi,
Achola akampitishia Gitonga sukari bila neno,
lakini akampitishia.
Kwa mwanga wa dirisha nikaendelea kumpaka baba:
kofia, koti, bendera ya kijani
kwa unywele mmoja wa burashi.
Kisha viatu.
"Vyeusi," akasema Harbhajan, "hiyo ni sheria ya reli."
"Kahawia," akasema Syokau. "Wewe hukuyaona matope ya Muthurwa."
Mimi sikumbuki.
Usiku alikuwa akiviacha nje ya mlango,
na alfajiri, nikifumbua macho,
viatu vimekwenda na mwenyewe.

Stima ikarudi. Treni ikashtuka,
ikavuka daraja, ikatokomea nyuma ya magazeti
bila gadi.
Nilikuwa bado nimemshika kwa kibanio,
miguu yake hewani, myeupe,
nikimpulizia akauke.