Arobaini Bila Kikombe

Jumatano ya Majivu nilirudi na paji jeusi,
nikaketi kibarazani, Barabara ya Kumi na Mbili,
nikapenyeza uzi kwenye tundu la sindano
na kabla sijakanyaga cherehani nikasema,
kwa sauti, nisije nikakana:
kahawa, mpaka Pasaka.

Si nyama. Nyama naila kwa mwaliko.
Si pombe. Pombe aliinywa marehemu,
akaimaliza pamoja na fungu langu.
Changu kilikuwa hicho kimoja:
vikombe vitatu vidogo visivyo na mkono,
viwili saa nne, kimoja alasiri,
chungu kama shubiri, na kashata ya karanga
niivunjayo kwa jino la kushoto, ndilo zima.

Na kahawa ya Tanga haiji kimya.
Hutangulia mlio,
vikombe vikigongana kiganjani mwa Mwinjuma
tangu kona ya msikiti hadi kwa fundi baiskeli,
na mate yangu yanaujua mlio huo
kuliko masikio yanavyoijua sauti ya padre.

Siku ya kwanza alisimama, akatua birika,
makaa yakipumua chini yake.
Nikamwambia nimefunga.
"Umefunga, na mhogo unatafuna?"
Ndivyo tunavyofunga sisi, nikasema.
Akacheka hadi kofia ikamteleza.
"Basi nyie mnafunga mlango wa mbele,
wa uani mnauacha wazi."

Siku ya nne kichwa kilipiga ngoma ya arusi nisiyoalikwa.
Nikashona mfuko wa kaptula ya shule nje ndani.
Siku ya tisa nikamkaripia binti wa watu
kwa kosa la kunenepa baada ya kupimwa.

Padre alisema: ulichojinyima, mpe asiye nacho.
Nikatoboa kopo la maziwa ya unga,
kila jioni mia sita, kling'.
Kopo likashiba. Nikawa nalitikisa,
nikijiona mtakatifu kidogo,
na hapo ndipo shetani aliponikuta nimekaa vizuri.

Maana wiki ya tatu Mwinjuma aliniuliza, macho chini:
"Dada Felista, nimekukosea?
Au kahawa iliingia mchanga?"
Vikombe vitatu kwa siku, akahesabu kwa vidole,
ndio unga wa jioni kwake.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kopo.

Siku za mwizi ni arobaini.
Mimi sikuzifikisha.
Ya ishirini na mbili nilikunywa kimoja,
nimesimama nyuma ya pazia la kupimia nguo,
kikaniunguza ulimi, wala sikukionja.
Mengine nilimwambia padre kwenye kitubio.

Kesho yake tukapatana, mimi na Mwinjuma:
apite kama kawaida, avigonge vikombe,
nami nimlipe kama niliyekunywa.
"Unanunua kelele, dada?"
Nanunua kelele.
Kopo likaanza kusikia njaa.
Kama ni halali kikanisa, sijui. Sikuuliza.

Kisha Ijumaa Kuu.
Kengele zimenyamaza tangu jana usiku,
watoto wa altareni wanagonga vibao,
ko, ko, kavu kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Niliwahi kumweleza Mwinjuma habari hiyo,
kwa kupitisha maneno tu, huku nalipa,
wala sikudhani ameshika.

Saa nne nikamwona anatokea kona ya msikiti.
Birika mkono wa kulia.
Wa kushoto ameufumbata kifuani,
vikombe amevizungushia leso,
anatembea kama aliyebeba mayai ya kuatamia.
Akapita mbele ya kibaraza changu.
Hakikulia hata kimoja.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.