Tundu la Chini

Nyumba ya Bi Kalunde, huko Mabatini juu,
imebebwa na jiwe kama mtoto mgongoni;
ukuta wa nyuma si tofali, ni mlima wenyewe,
na ngazi za kufika kwake ni mia moja na kumi na mbili.
Nilizihesabu. Mtungi ulikuwa begani.

Mwanawe Lushinge, wa mgodini Geita,
ametuma jiko la plate mbili na ujumbe kwa simu:
Fundi, mfungie mama. Macho yake yamechoka moshi.
Mama mwenyewe amekalia gunia la mkaa
kama mtu anayelinda mahari.

"Mtungi weka chumbani, uvunguni.
Huku nje kuna wezi."
Nikamwambia, mama, mwizi wa nje atachukua mtungi;
huyu wa ndani hachagui cha kuchukua.
Nikamjengea kizimba cha nondo ubavuni mwa nyumba,
na kufuli, na bati la kivuli,
mtungi ukasimama wima kama askari wa lindo.

Meza ya zege nikaiweka mbali na pazia,
mbali na swichi, mbali na dirisha
linaloingiza upepo wa ziwa kila saa tisa.
Nikaizungushia vigae vyeupe, alivyobakiza jirani.
Kisha nikapiga magoti na tindo
nikatoboa ukuta chini kabisa, usawa wa sakafu.

"We kijana! Moshi hupanda!"

Gesi si moshi, mama.
Moshi hubisha hodi machoni, ukalia, ukatoka.
Gesi ni nzito, inashuka,
inatambaa kama paka mgeni,
inajikunja chini ya meza
na kusubiri kiberiti.
Hata harufu hiyo si yake:
imetiwa kiwandani, harufu ya kitu kilichooza,
ili isiingie kwa watu bila jina.

Alinyamaza.
Akaniletea sabuni ya kufulia kwenye kikombe cha bati
kabla sijaomba.

Nikapaka povu kwenye regulata, kwenye klipu,
kila mahali chuma kinapokutana na mpira.
Tukainama wote wawili, vichwa vikagusana.
Kimya. Kimya.
Halafu povu moja, dogo kama jicho la dagaa,
likavimba.

Nilikuwa nimeharakisha.
Nina kovu mkononi, nalo halikunikumbusha;
povu la mama mmoja ndilo lililonikumbusha.
Nikafunga mtungi, nikakata ncha ya mpira,
nikaukaza upya, nikapaka tena.
Jicho halikufumbuka.

Moto ulipowaka, wa buluu, mfupi,
alitafuta makaa kwa macho, hakuyaona.
"Sasa nitajuaje kama umeshiba?"
Sikuwa na jibu la swali hilo.

Alinilipa nusu. "Nusu nyingine Jumamosi,
nikiwa bado nipo."

Jumamosi nilipanda tena zile ngazi.
Yupo. Chai inachemka.
Na tundu langu la chini limezibwa
kwa kipande cha kanga kilichosokotwa vizuri.

"Mjusi wa mawe," akasema, hakuona haya.
"Kichwa chekundu, kiuno cha buluu.
Ameingia na mkewe."

Nikachomoa kitambaa.
Nikateremka mpaka sokoni kununua waya wa wavu,
ngazi mia moja na kumi na mbili,
na sikumdai hela ya waya.