Kodi Mbili

Laki tatu na nusu, nimezifunga kwa mpira wa nywele wa binti yangu,
mfuko wa mbele, mkono juu yake tangu Msimbazi.

Duka la kwanza, kijana akanitolea jitu jeusi,
spika mbili, taa za bluu, vitufe kumi na sita.
"Bro, hii inaua," akasema,
akakanyaga pedali, gitaa likanguruma
kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi.
Wateja wakageuka. Akatabasamu.
Nikaomba gitaa. Nikazima ngurumo, nikazima mwangwi,
nikarudisha kila kitufe kwao,
nikapiga kodi moja, ya saba, na tisa juu yake,
kwa nyama ya dole gumba, siyo kwa kucha.
"Mbona haisikiki?"
Mimi nilikuwa nasikiliza kilicho chini ya kodi:
mvumo, nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Jazi haitaki amplifaya inayojua kusema.
Inataka inayojua kurudia ulichosema,
bila kutia chumvi.

Za taa wanazisifu, najua. Niliwahi kubeba moja,
mali ya bendi, enzi zangu za ridhimu kule Temeke.
Kilo thelathini. Taa zikapasuka siku umeme uliporudi kwa hasira,
na taa mpya huagizwa ng'ambo kwa bei ya kochi.
Transista haina maringo: unawasha, iko tayari,
unazima, imepoa.
Halafu Ijumaa napiga Upanga, ghorofa ya nne,
lifti ina karatasi MBOVU tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Kazimoto ana besi lake la kusimama, hawezi kunipokea mzigo.
Na wale wanaokula samaki mezani
wanataka kusikiana.

Duka la tatu, bei nzuri, spika inchi sita:
nyuzi za chini zilitoka kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.
La nne, laki sita. Nikagusa mpini tu, nikaaga.

Gerezani nilimkuta Tumsifu amepiga magoti
nyuma ya friji ya watu, moshi wa risasi puani.
"Ipo moja," akasema bila kuinua kichwa.
Chini ya meza, ndani ya khanga iliyochanika:
nembo imebanduka,
kifuniko cha dawa ya meno mahali pa kitufe cha besi.
Wati arobaini. Inchi kumi na mbili, karatasi ya spika nzima, nimeipapasa.
Akachomeka. Kimya.
Nikadhani imekufa.
"Imewaka," akasema.

Nikapiga kodi ileile.
Sijui niseme vipi. Kila uzi ulikuja na jina lake.
Ile tisa, niliyokuwa naiamini tu miaka yote,
ikakaa juu, peke yake, haikusukumwa na mtu.
Jirani akawasha jenereta, mvumo ukaingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Tumsifu akafungua plagi, akaunga waya wa ethi uliokatika.
Mvumo ukatoka.

"Laki tatu."
"Mbili."
"Mbili na themanini, waya nakupa."

Mwanahawa alikuwa anakuna nazi.
Akaitazama amplifaya, akanitazama mimi, akatazama kalenda.
"Na kodi?"
"Kodi ipo," nikasema, nikachomeka.
Alikuwa anauliza ya mwenye nyumba.
Nikampigia yenye tisa, polepole, kitufe kwenye moja.
Mbuzi ikasimama.
"Hiyo," akasema, "mwenye nyumba haipokei."
Akaendelea kukuna. Kisha, bila kugeuka:
"Irudie."

Nikairudia. Binti akaja kudai mpira wake wa nywele.
Nikampa.
Sabini haihitaji kufungwa.