Kwa Magoti

Leo Tumwitike ametambaa hatua nne,
nami nikashuka bustanini kwa magoti
nione Uyole inavyoonekana toka kimo chake.

Huku chini baridi ya Juni ina meno.
Mnyonyo umepasua maganda: mbegu za madoadoa,
zimenona kama kupe, zinang'aa kama peremende.
Nikazihesabu kiganjani. Tisa.
Ng'oa.

Maua ya tarumbeta, meupe, yameinamia mlango;
usiku yananukia hadi chumbani, nasi tuliyasifu.
Mama Ambwene akapaza sauti ng'ambo ya ua:
"Hata mbuzi wangu anayapita."
Ng'oa.

Mnyaa nikausimamia kitambo.
Marehemu mama ndiye aliyeuchomeka, mpaka wa kiwanja;
tone la utomvu wake lilinifumba jicho siku tatu,
mama akanikanda huku akilia, na bado hakuung'oa.
Nikashika panga. Nikaliweka chini.
Nimeuzungushia wavu wa kuku, basi.

Jioni, mikono nimeinawa mara tatu,
namkuta mtoto kimya mkekani, shavu limetuna.
Nikaingiza kidole, moyo haupo, nikakitoa:

kifungo cha koti langu,
kilichodondoka nikitambaa.