Panga Mbili

Mwalimu Perpetua alikuja karakanani na picha ya kalenda:
ukumbi wa Waingereza, mabenchi yanatazamana
kama wakwe siku ya kupanga mahari.
"Nichongee hivi, fundi. Watoto wajifunze bunge."

Katikati nafasi gani?
"Panga mbili, ncha kwa ncha. Ndivyo walivyopima wazee wao."
Upanga sina. Nina panga la marehemu baba,
alilokatia mkonge Pongwe mpaka mpini ukashika umbo la kiganja.
Nikalilaza sakafuni, nikalipindua, nikachora chaki.
Huku serikali, huku wapinzani:
hasira ya mtu iishie hewani
kabla haijafika kwenye shati la mwenzake.

Nilitaka kulitia mto benchi la serikali. Akakataa.
"Leo wako hapa, kesho kura inawahamisha. Mto ataubeba nani?"
Hilo nililala nalo.
Kwetu aliyeshindwa hufunga virago.
Wale humshinda mtu, kisha humwekea kiti cha mbele
na mshahara juu, ili aulize: kwa nini?

Na mlango. Mjumbe wa mfalme akifika unabamizwa usoni pake,
abishe mara tatu.
Hapa Ngamiani, hodi tatu bila karibu, mgeni hugeuza.
Nikaweka komeo zito.

Siku yenyewe, Mwanakombo wa kidato cha pili
aliburutwa hadi kwenye kiti cha Spika.
Desturi, alisema mwalimu, Spika hajipeleki.
Mimi niliona soli ya kiatu ilivyoachama, na namna alivyoificha.
Alipoketi akasema "Kimya!"
hata mimi nikaacha kutafuna.

Waziri Mkuu alikuwa Shemhilu, mtoto wa mwenye mashine ya kusaga.
Alitaka bei ya uji ipande kwa shilingi mia.
Wapinzani wakamgeuza kama chapati:
Mia ya nani? Unga wa nani? Mashine ya nani?
Kura ya imani ikapigwa kwa miguu,
wa ndiyo mlango huu, wa hapana ule.
Mlango ule sikuutengeneza. Kosa langu.
Wa hapana wakatokea dirishani, wasichana wakishika sketi,
wakihesabiwa mmoja mmoja:
kumi na tisa kwa kumi na nne.

Shemhilu akavuka chaki.
Akaketi, akapapasa chini ya ubao kama atafutaye kasoro,
akakuta alama yangu ya penseli, ileile aliyoiacha ng'ambo.
Gogo moja, mvule wa Muheza.
Kisha akanyoosha mkono, ana swali.

Muhula uliofuata niliitwa kuupaka mstari rangi,
chaki imeliwa na nyayo.
Nikalilaza panga la baba, nikalipindua.
Mabenchi yalikuwa yamesogeleana vidole vinne.
Nikapima tena. Vinne.
Sikuuliza nani.
Nikapaka rangi hivyohivyo yalivyo.